Kichujio cha barua pepe kisimfukuze mteja

HANETI, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, inajulikana katika soko la vito kwa krisopresi, jiwe la kijani linalopata rangi yake kutokana na nikeli. Kwa muuzaji mdogo anayetafuta wanunuzi ng'ambo kwa barua pepe na mwenye seva yake mwenyewe, hasara ina milango miwili: utapeli ukiingia na oda ikipotea.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kutuma ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, lakini barua taka nyingi hutoka nje ya nchi. Ulinzi unabaki kwa mwenye biashara.

SpamAssassin, programu ya bure, huipa kila barua alama kulingana na dalili zake. Ikifikisha 5, kiwango cha kawaida, huhesabiwa taka. Tatizo ni kwamba barua ya mnunuzi mgeni, inayotaja bei na malipo, yaweza kufanana na ya tapeli. Kwa hiyo seva isiifute. Iitenge katika jalada linalokaguliwa kila asubuhi. Taka kumi zilizopenya hufutwa kwa dakika moja; oda iliyofutwa humwendea muuzaji mwingine.

Hata hivyo, kichujio hakimalizi yote. Barua yenye namba mpya ya akaunti ya benki yaweza kutumwa kutoka anwani halisi iliyotekwa, ikapita bila kuzuiwa. Kabla ya kulipa, mfanyabiashara apige simu kwa namba anayoijua tangu zamani, si ile iliyoandikwa katika barua hiyo.