Tope la Simiyu na Furu wa Visiwani

Huko Mwandoya, wilayani Meatu, tulimkuta kijana aliyerudi likizoni kutoka chuo kikuu akiwasaidia wazazi wake kupalilia pamba. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza wa masomo ya sayansi. Mzee mmoja wa ukoo wake alimwuliza mbele yetu, wala si kwa dhihaka, amefundishwa nini huko. "Ikolojia, babu, na mageuko ya viumbe," akajibu. Mzee akataka kuelezwa. Kijana akaanza kwa Kiswahili, akaingiza Kiingereza, kisha akanyamaza na kuliinamia jembe lake.

Kunyamaza kule hakukuwa kwa ujinga. Alikuwa anawafahamu barabara ndege wa visiwa vya Galápagos, ambako Darwin alifika mwaka 1835, na mtihani wake aliufaulu. Jambo ambalo hakupata kuambiwa ni kwamba somo lilelile limelala miguuni pake, katika safu ya pamba aliyokuwa akiipalilia.

Hakuna mkulima wa pamba asiyemjua funza wa vitumba, wala asiyejua kwamba dawa iliyomwangamiza zamani huweza baadaye kumwacha akitambaa. Wengi hudhani wameuziwa maji. Huenda mara nyingine ni kweli. Lakini hata dawa iliyo halali hufikwa na jambo hilo. Katika maelfu ya funza huwapo wachache waliozaliwa na uwezo wa kuihimili sumu. Dawa huwaua wenzao, wao wakabaki kuzaana, na watoto wakarithi uwezo wa wazazi. Baada ya vizazi kadhaa shamba zima ni la wahimilivu. Tofauti, urithi na uteuzi: hizo ndizo nguzo za somo la mageuko, na mzee wa Mwandoya angezielewa kabla jua halijatua.

Na ikolojia je? Wasukuma walikuwa na ngitili kabla ya neno hilo kufika hapa. Eneo la majani na vichaka hufungwa wakati wa masika, likafunguliwa kwa mifugo kiangazi kinapokaza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanzishwa mwaka 1986, Meatu ikiwa bado ndani ya mkoa huo, kazi yake kubwa ilikuwa kuufufua utaratibu ambao wenyeji walikuwa nao tangu zamani. Serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1920 na 1930, ilikuwa imewakusanya watu kwa maelfu kufyeka misitu ya nchi hii ili kumfukuza mbung'o. Mbung'o alipungua, na ardhi ikabaki uchi.

Ardhi iliyo uchi haikai mahali pake. Maji ya sehemu kubwa ya Mkoa wa Simiyu hufuata mto ulioupa mkoa jina, yakaingia Ghuba ya Speke, kusini mwa Ukerewe. Hapa ndipo tunapowaomba ndugu zetu wa visiwani watusikilize, maana tope hilo halifiki kwao kama uchafu tu.

Ziwa Victoria lilikauka, na maji yakalijaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Katika muda huo, ambao kwa hesabu ya viumbe ni kufumba na kufumbua, zilitokea humo spishi za furu zinazohesabiwa kwa mamia. Utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2017 umeonyesha kwamba ukoo huo mkubwa ulianzia katika kuchanganyika kwa nasaba mbili za kale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwapo Mwanza tangu mwaka 1977 wakiwachunguza samaki hao, na mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka urais, furu mmoja mwekundu wa kwenye miamba alipewa jina la kitaalamu la nyererei. Jenasi aliyowekwa baadaye inaitwa Pundamilia, kwa Kiswahili chetu hiki. Ni wangapi kati ya wanachama wetu wanaojua kwamba Mwalimu ana samaki?

Furu huyo ana jirani yake wa buluu. Katika kisiwa cha mawe cha Makobe, ambako maji ni maangavu, mwekundu hukaa chini zaidi na wa buluu juu, na kila jike humtambua dume wa namna yake kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka rangi hazionekani vyema, majike hukosea, na spishi zilizokuwa mbili huungana kuwa moja. Hakuna aliyewavua wala aliyewala. Wametoweka kwa sababu ya giza.

Sangara, yeye, aliwala. Aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akafurika upande wetu katika miaka ya 1980, na spishi za furu zipatazo 200 zinakadiriwa kupotea. Hatukani kwamba alileta viwanda vya minofu na nyumba za bati visiwani. Lakini mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer alikwisha andika kuonya, na onyo halikuzuia kitu.

Wako vijana wanaoliogopa somo la mageuko kwa ajili ya imani. Sisi tulioanzia chuoni kwa mwalimu, na ubao na juzuu, kabla ya kuingia shule ya serikali, tunaielewa hofu hiyo, ila hatuoni sababu ya kuikimbia elimu. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, alijaza kitabu chake cha wanyama habari za viumbe wanavyowindana na kushindania riziki.

Kwa maofisa tuna neno moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto na wa ziwa. Mkulima anayehamishwa ukingoni bila kuelezwa sababu huona ameonewa, na usiku hurudi na jembe. Wanafunzi wapo, na likizo ni ndefu. Mmoja akae na wakulima wa Mwandoya awaeleze, kwa Kiswahili au Kisukuma, habari za funza na za mto; mwenziwe apande mtumbwi Ukerewe na sahani nyeupe iliyofungwa kamba yenye alama za mita, aizamishe, aandike inapopotea machoni, masika na kiangazi. Daftari hizo mbili zikae pamoja juu ya meza ya mkuu wa wilaya, kabla hajatia sahihi kibali kinachofuata cha kulima bondeni.