Bima ya Gari Ina Kikomo, Haki ya Aliyeumizwa Haina



Kila baada ya mavuno ya mahindi na maharage, barabara ya Sumbawanga kwenda Tunduma hujaa malori. Lami iliyowekwa katika muongo wa 2010 imeifupisha safari hiyo, lakini imeongeza mwendo, na mwendo una hatari zake. Wenye magari wengi katika uwanda wa Ufipa wakishalipia bima huona wamemaliza wajibu wao. Hebu tujiulize: ni kweli wamemaliza?

Sheria inataka nini

Sheria ya Bima ya Magari ya Tanzania, Sura ya 169, inakataza kuendesha gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu, yaani bima ya kumfidia mtu mwingine aliyekufa au kujeruhiwa kwa sababu ya gari hilo. Bima hii haikutengenezei gari lako. Anayetaka gari lake nalo lilindwe hukata bima kubwa.

Jambo ambalo wengi hawalisomi ni kikomo cha fidia. Mkataba wa bima hutaja kiasi ambacho kampuni haitakivuka, hasa kwa mali iliyoharibiwa. Kwa jirani zetu wa Kenya, sheria yenyewe imetaja kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa kila mtu aliyekufa au kuumia. Mahakama ikiamuru zaidi ya hapo, kinachobaki humwangukia mwenye gari.

Tuchukue mfano. Fuso lililosheheni magunia linaigonga Noah hapo Laela. Tuseme hasara ya mali ni shilingi milioni 30, na kikomo kilichoandikwa kwenye mkataba ni milioni 20. Zile milioni 10 zilizobaki hazifutiki. Ni deni la mwenye Fuso, na shamba, nyumba na akiba ya wanawe vinaweza kuingia hatarini.

Pia yako mambo yanayoweza kuifanya kampuni ikatae kulipa kabisa: dereva asiye na leseni, pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi kumbe ni bodaboda, au lori la mizigo lililopakia watu wa mnadani juu ya magunia.

Nchini Marekani watu hukata bima ya pili juu ya ile ya gari, waiitayo mwavuli. Ya kwanza ikifika kikomo, ya pili huanza kulipa. Aghalabu huanzia dola milioni 1. Kwetu si bidhaa ya kawaida kwa mwenye gari moja, lakini mtu anaweza kuiuliza kampuni yake kama kikomo kinaweza kuongezwa, na kwa ada gani.

Mwavuli wa ukoo

Dhana ya watu wengi kubeba mzigo wa mmoja si ngeni katika Uislamu. Surat An-Nisaa, aya ya 92, imeweka wajibu wa diya kwa jamaa wa aliyeuawa kwa makosa, pamoja na kafara juu ya muuaji mwenyewe. Na katika hadithi mashuhuri ya wanawake wawili wa kabila la Hudhayl, mmoja alimrushia mwenzake jiwe akamuua. Mtume (S.A.W.) alihukumu diya ilipwe na aaqila, yaani jamaa wa upande wa baba wa yule mkosaji. Zama za Sayyidna Umar (R.A.) mzigo huo uliwekwa pia juu ya watu walioandikwa katika daftari moja la askari, hata kama si ukoo mmoja.

Tuzingatie mafunzo mawili hapa. Kwanza, kukosa uwezo kwa mkosaji hakukuondoa haki ya aliyedhulumiwa. Pili, jamii ilijipanga kabla ya msiba kutokea.

Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah liliamua kwamba bima ya kibiashara ina gharar iliyokatazwa, na likaruhusu bima ya kushirikiana. Huo ndio msingi wa takaful: wanachama huchangia mfuko kwa nia ya kusaidiana. Sudan ilianza mwaka 1979, na Kenya ikafuata mwaka 2011. Tanzania nayo sasa imeifungulia njia. Asiyeipata karibu naye asiendeshe bila bima, kwani wanazuoni wengi wamemruhusu anayelazimishwa na sheria.

Tufanye nini

Isome karatasi ya bima leo, si siku ya ajali. Tafuta kikomo cha fidia na aina ya matumizi iliyoandikwa. Hakiki bima kwa namba ya gari katika mfumo wa TIRA, kwani vishoka wapo. Ajali ikitokea, toa taarifa polisi, majeruhi apate PF3, na kampuni ijulishwe mapema. Kampuni ikigoma kulipa haki, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Wenye magari wa msikiti mmoja au soko moja wanaweza pia kuanzisha mfuko wao wa kusaidiana kwa kile kinachozidi kikomo. Hautachukua nafasi ya bima ya kisheria, lakini utakuwa aaqila wao.

Mwenye gari akumbuke kwamba yatima wa Laela hakusaini mkataba wowote na kampuni ya bima. Haki yake iko juu ya aliyemwulia baba yake, hata baada ya kampuni kulipa sehemu yake.

Mwenyezi Mungu atulinde barabarani na atuwezeshe kutimiza haki za watu. Amin.