Mfunguo Pili Uliochongwa Jiweni

Mwulize mwanafunzi wa sekondari, awe wa Entarara huku Kajiado au wa Mombasa, ni tukio gani la enzi za kati analolijua kwa mwezi na mwaka. Aghalabu atakujibu: Juni 1215, Mfalme John wa Uingereza alipoukubali mkataba wa Magna Carta. Jibu ni sahihi, wala hatumlaumu. Lakini mwulize habari za Afrika ya Mashariki katika karne hizo, naye atanyamaza, kana kwamba wahenga wetu hawakuhesabu miezi.

Basi na tuvuke bahari hadi Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Katika msikiti wa kijiji hicho, penye mihirabu, yamo maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kikufi, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Yanataja ujenzi wa msikiti, na mwezi wake ni Dhulkaada, mwaka 500 wa Hijria. Yaani kati ya Juni na Julai 1107. Waswahili huuita mwezi huo Mfunguo Pili. Jengo lilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yale yakahifadhiwa. Hiyo ni miaka 108 kabla ya Magna Carta.

Hakuna mfalme aliyeshindwa siku hiyo, wala mji uliotekwa. Watu walijenga, kisha wakaona yafaa kizazi kijacho kijue walijenga lini. Kwa sababu hiyo tu, leo twawajua.

Hapa Umasaini mzee hupima wakati kwa marika: jambo fulani lilitukia rika fulani walipokuwa morani, au mwaka wa ukame uliomaliza ng'ombe. Hiyo nayo ni kalenda, tena yenye maana. Ila kalenda hiyo imo kifuani mwa mtu, na mtu hufa. Jiwe la Kizimkazi limeishi zaidi ya miaka 900.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, likizo ijayo wape wanafunzi kazi moja. Kila mmoja aketi na babu au bibi, aulize tukio moja la kijiji, aandike rika, majira ya mvua, na kwa kadiri iwezekanavyo mwezi na mwaka. Magna Carta itabaki vitabuni hata tukiisahau. Ya Entarara tusipoyaandika sisi, nani atayaandika?