Skrubu Hufutwa Kwenye Mchoro

Ndugu wafanyakazi, kazi ya kuunganisha vipande huamuliwa kabla chuma hakijakatwa. Huko Marekani, tangu miaka ya 1970, Profesa Geoffrey Boothroyd aliwafundisha wachoraji kuuliza juu ya kila kipande: Je, kinacheza chenyewe? Lazima kiwe cha mali nyingine? Kikishikamanishwa na jirani yake, vingine vitashindwa kuingia? Majibu yote yakiwa hapana, kipande kinafutwa.

Mwaka 1985 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kuchapia, Proprinter, iliyopachikwa kwa kubanana bila skrubu. Ilichorwa kwa ajili ya roboti. Kumbe mikono ya watu nayo iliiweza upesi.

Kiganja changu, kilichochoshwa na bisibisi, kinafurahi. Daftari langu la wanachama linaogopa. Basi tudai kuuona mchoro mapema, kabla mwajiri hajahesabu watu.