Mũi Né: upepo unaoleta wageni, mawimbi yanayochukua ufuo

Tarehe 24 Oktoba 1995 jua lilipatwa kikamilifu juu ya Phan Thiết, kusini mwa Vietnam, na watu wakamiminika kutazama. Kando ya mji huo wakaikuta Mũi Né, iliyokuwa ya wavuvi, minazi na mapipa ya mchuzi wa samaki. Hoteli zikafuata, zikajipanga ufuoni hasa upande wa Hàm Tiến.

Kinachouzwa pale, kwa maoni yangu, ni upepo. Kuanzia Novemba hadi Machi monsuni ya kaskazini-mashariki, jamaa wa kaskazi yetu, huwavuta wanaoteleza juu ya maji kwa tiara. Aliyefika Paje, Unguja, anaujua mchezo huo. Na kwa kuwa eneo hili ni miongoni mwa sehemu kavu kabisa za Vietnam, upepo umepata mchanga wa kuchezea: matuta mekundu na meupe ambayo wageni hupanda alfajiri kabla hayajawaka moto.

Lakini upepo huohuo husukuma mawimbi yanayopiga pwani kimshazari na kuuhamisha mchanga kuufuata ufuo. Mchanga unaotoka mbele ya hoteli moja ndio unaojaza mbele ya nyingine. Mwenye hoteli akijenga ukuta wa zege, wimbi hugonga, hurudi kwa nguvu na kuchimba mguuni mwa ukuta. Jirani aliye upande mchanga unakoelekea hupata mawimbi bila mchanga, naye hujenga wake. Ndiyo maana sehemu za Hàm Tiến leo zina ngazi zinazoshuka moja kwa moja majini. Wavuvi wana mitumbwi ya mviringo iliyosukwa kwa mianzi; bahari ikichafuka, wao huibeba hadi juu ya ufuo. Hoteli haibebeki, ilipaswa kujengwa nyuma tangu mwanzo.

Barabara ya kasi iliyofunguliwa mwaka 2023 imefupisha sana safari ya kutoka Ho Chi Minh City, kilomita kama 200, na wageni wa wikendi wanaongezeka. Anayepanga kwenda Januari kwa ajili ya kuogelea aulize hoteli, kabla ya kulipa, ufuo wake una upana gani mwezi huo. Picha za matangazo kwa kawaida hupigwa bahari ikiwa shwari.