Changamoto za Kununua na Kuuza Vitabu Adimu Mtandaoni: Mfano wa Jiji la Arusha na Eneo la Mlima Meru

Uadimu wa kitabu hupimwa kwa mizani tofauti kulingana na mahali. Katika minada ya London au Paris umri huhesabiwa kwa karne. Jijini Arusha na katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, kitabu kilichochapwa miaka ya 1960 au 1970 kinatosha kuitwa adimu: nakala zake zilikuwa chache, zikatumika shuleni hadi zikachanika, nyingine zikaliwa na mchwa, na mashirika kadhaa yaliyozitoa hayapo tena. Hoja ya makala haya ni kwamba mtandao umerahisisha kukiona kitabu cha aina hiyo bila kurahisisha kwa kiwango hichohicho kukithibitisha, kukilipia na kujua kilikotoka. Mzigo wa pengo hilo humwelemea zaidi aliye karibu na kitabu.

Mfano bora ni The Meru Land Case, kitabu cha Kirilo Japhet na mwanasheria Earle Seaton kutoka Bermuda, kilichotolewa na East African Publishing House, Nairobi, mwaka 1967. Kinasimulia jinsi Wameru walivyohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, na jinsi Kirilo alivyokwenda New York mwaka 1952 kulifikisha shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka huohuo wa 1967 Anton Nelson alichapisha The Freemen of Meru, kupitia Oxford University Press, Nairobi. Mtafiti aliyeko Usa River anayetafuta vitabu hivi mtandaoni huelekea kuvikuta kwa wauzaji wa Uingereza au Marekani, kwa bei ya fedha za kigeni pamoja na gharama ya usafirishaji. Wakati huohuo nakala inaweza kuwa imelala sandukuni katika nyumba ya jirani yake, mwenyewe asijue kwamba kuna anayeitafuta.

Changamoto ya kwanza, na pengine nzito kuliko zote, ni ya maelezo. Mnunuzi wa mtandaoni hakigusi kitabu. Ananunua maneno na picha. Katika Kiswahili cha uchapishaji, toleo na chapa ni mambo mawili: toleo jipya hubadili matini, ilhali chapa mpya hurudia matini ileile. Wauzaji wengi hutumia maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja, na ukurasa wa hakimiliki, ambao ndio ungeamua, mara nyingi haupigwi picha. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare inaonyesha ukubwa wa tatizo. Ilitoka mwaka 1963 kwa jina la Julius Caezar, ikasahihishwa na kutolewa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Anayetafuta kwa jina moja anaweza asilione kabisa lile la pili, na muuzaji asiyejua historia hiyo anaweza kuuza toleo la 1963 kwa bei ya kitabu cha kiada kilichochakaa. Hali kadhalika, Azimio la Arusha lilichapishwa mwaka 1967 na Idara ya Habari ya TANU, Dar es Salaam, si Arusha kama jina linavyoweza kumpotosha mwandaaji wa orodha. Kwa upande mwingine, Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1979, kweli ina Arusha kama mahali pa uchapishaji, kwa kuwa ilitolewa na Eastern Africa Publications.

Tovuti nyingi za mauzo humtaka muuzaji aanze kwa kuingiza namba ya ISBN. Mfumo huo ulipata kiwango chake cha kimataifa mwaka 1970. Kitabu cha 1967 hakiwezi kuwa nayo. Kwa hiyo maelezo hujazwa kwa mkono, na makosa ya tahajia hukizika kitabu. Hali ya kitabu nayo ni ngumu kuisema. Ubaridi na unyevu wa masika chini ya Mlima Meru huacha ukungu ambao picha ya simu haiuonyeshi, na harufu yake haipigiki picha. Aidha, nakala ya kivuli iliyojalidiwa vizuri hufanana na kitabu halisi katika kioo cha simu.

Katika malipo, M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, inatosha kwa mnunuzi wa Moshi au Dodoma, ingawa nani atangulie, fedha au kitabu, ni swali linalobaki kwenye kuaminiana. Kwa mnunuzi wa nje mambo hubadilika. Akaunti ya PayPal ya Tanzania kwa muda mrefu imeruhusu kulipa bila kupokea. Hata wauzaji wa nchi zenye uchumi mkubwa zaidi hawana uhakika: mwaka 2018 tovuti ya AbeBooks, inayomilikiwa na Amazon, ilitangaza kuwaondoa wauzaji wa nchi kadhaa, zikiwemo Hungary na Jamhuri ya Czech, kwa sababu za mfumo wa malipo. Ilirudi nyuma baada ya mamia ya wauzaji wa nchi nyingine kuondoa vitabu vyao kwa muda ili kupinga. Muuzaji wa Arusha hana chama cha namna hiyo cha kumsemea. (Umoja wa Posta Afrika una makao yake makuu jijini humo humo, lakini jambo hilo halimpunguzii gharama ya kifurushi.)

Linabaki suala la asili. Vitabu vingi vya miaka hiyo vina mihuri ya shule, misheni au ofisi. Muhuri usio na alama ya kuondolewa maktabani unamwacha mnunuzi katika shaka, kwani mali ya umma haiwi ya mtu binafsi kwa kukaa nyumbani kwake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazuia kusafirisha nje bila kibali masalia yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo cha Nkoaranga mwaka 1902, miaka 6 baada ya wenzao wawili, Ovir na Segebrock, kuuawa Akeri. Hivyo takribani kila kilichochapwa kuhusu Meru ni cha baada ya tarehe hiyo ya kisheria. Isipokuwa pale Waziri anapokitangaza rasmi kuwa kitu cha kulindwa, nakala ya The Meru Land Case isiyo na muhuri inaweza kuondoka Arusha kwa njia ya posta kama kitabu kingine chochote.