Besiboli: Wakati mwafaka wa kurefusha kandarasi ya mrushaji chipukizi

KLABU ya besiboli ya Atlanta Braves nchini Marekani ilimpa mrushaji Spencer Strider kandarasi ya miaka sita yenye thamani ya dola milioni 75 mnamo Oktoba 2022. Strider alikuwa na umri wa miaka 23, na alikuwa amekamilisha msimu mmoja tu katika ligi kuu.

Msimu uliofuata, ndiye mrushaji wa pekee katika ligi nzima aliyefikisha ushindi wa mechi 20. Lakini mnamo Aprili 2024, baada ya kucheza mechi mbili pekee, kiwiko chake kiliumia. Alifanyiwa upasuaji na kukaa nje kwa muda wote uliosalia wa msimu.

Je, wakuu wa Braves waliharakisha mno? Swali hilo huwasumbua viongozi wa kila klabu iliyojaliwa kijana mwenye mkono wa ajabu. Wahenga walisema kuwa haraka haraka haina baraka. Hata hivyo, ni wao hao waliosema kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ili kuelewa ugumu wa uamuzi huu, ni sharti kwanza kuifahamu kazi yenyewe. Mrushaji husimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji wa upande wa pili. Mipira mingi huruka kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Kila mrusho huivuta kano ndogo iliyo upande wa ndani wa kiwiko, na kano hiyo ikichanika, mchezaji hawezi kuendelea na kazi yake.

Mnamo 1974, daktari Frank Jobe alimfanyia Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers, upasuaji ambao haukuwa umewahi kujaribiwa kwa mwanamichezo wa aina yake. Alichukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili na kuipandikiza kiwikoni. John alirejea uwanjani na kucheza hadi 1989, na upasuaji huo ungali unaitwa kwa jina lake. Hata hivyo, kupona huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na si kila mkono unaorudi kama ulivyokuwa.

Sheria ya miaka sita

Wapenzi wa kandanda wamezoea kumwona mchezaji akihama pindi kandarasi yake inapotamatika. Katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, mambo ni tofauti. Mchezaji hana uhuru wa kujichagulia mwajiri hadi atimize miaka sita ya utumishi katika ligi hiyo, na mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172.

Kwa kawaida, katika miaka mitatu ya kwanza klabu humlipa mshahara ulio karibu na kima cha chini, ambacho ni dola 780,000 kwa msimu wa 2026. Katika miaka mitatu inayofuata, pande hizo mbili zisipoafikiana, jopo la wasuluhishi huchagua kiasi kimoja kati ya viwili: kile kilichotajwa na klabu au kile kilichotajwa na mchezaji. Hapo ndipo mshahara huanza kupanda kwa kasi. Baada ya mwaka wa sita, mlango wa soko huru hufunguka.

Kwa hivyo, klabu inayorefusha kandarasi ya chipukizi hainunui miaka sita ya kwanza, kwani tayari inayo mkononi. Inachonunua ni mambo mawili: kujua mapema gharama ya miaka ya usuluhishi, na kupata mwaka mmoja au zaidi ya ule ambao mchezaji angekuwa huru.

Naye mchezaji hununua usalama. Kandarasi za MLB hulipwa hata mchezaji anapoumia. Kijana ajuaye kwamba mrusho mmoja waweza kuizima ndoto yake huona kuwa moja shika si kumi nenda urudi.

Mapema, kwa wakati na kwa kuchelewa

Tampa Bay Rays walichukua hatua mapema kuliko wengi. Mnamo Desemba 2011 walimpa Matt Moore kandarasi ya miaka mitano ya dola milioni 14, ilhali alikuwa amecheza mechi tatu tu za msimu wa kawaida na mbili za mchujo. Moore alishinda mechi 17 mnamo 2013, kisha akafanyiwa upasuaji wa kiwiko Aprili 2014. Klabu ilipata hasara, lakini bei ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuyumba.

Mfano ulio bora zaidi ni wa Chris Sale. Chicago White Sox walisubiri hadi alipokamilisha msimu mmoja mzima kama mrushaji wa kuanzisha mechi. Kisha, Machi 2013, wakampa miaka mitano kwa dola milioni 32.5, pamoja na haki ya klabu kuongeza miaka miwili. Sale aliteuliwa katika kikosi cha nyota kila mwaka kuanzia 2012 hadi 2018. Alihamishiwa Boston Red Sox mnamo Desemba 2016, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa 2018 ikiwa bado inamlipa chini ya kandarasi ile ile ya ujana wake.

Machi 2019, Sale akikaribia umri wa miaka 30, Boston ilimwongezea miaka mitano kwa dola milioni 145. Mwaka mmoja baadaye alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Kuanzia 2020 hadi 2023, alianzisha mechi 31 pekee, idadi ambayo mrushaji mwenye afya huitimiza kwa msimu mmoja. Aliporejelea makali yake na kutuzwa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mnamo 2024, alikuwa tayari amehamia Atlanta.

Seattle Mariners walijaribu kujikinga. Walipomwongezea Felix Hernandez muda kwa dola milioni 175 mnamo 2013, waliweka sharti: iwapo upasuaji wa kiwiko ungemweka nje kwa muda mrefu, klabu ingepata haki ya kumtumia mwaka mmoja zaidi kwa dola milioni moja tu. Kiwiko hakikuhitaji upasuaji huo, ila makali yalififia. Mnamo 2019, mwaka wa mwisho wa kandarasi hiyo, alishinda mechi moja na kupoteza nane.

Mifano hii yaonyesha kuwa wakati mwafaka ni baada ya msimu mmoja au miwili kamili, kabla ya usuluhishi kupandisha bei, na kwa muda unaokoma mchezaji anapokaribia umri wa miaka 30. Muhimu zaidi, bei iwe ile ambayo klabu inaweza kuistahimili hata msimu mzima ukipotea.

Kwa kipimo hicho, jeraha la Strider pekee si ithibati kwamba Braves walikosea, kwa kuwa hatari hiyo ilikuwa sehemu ya bei. Na bila sahihi yake ya 2022, kijana huyo angeingia chumba cha upasuaji akiwa bado analipwa mshahara wa karibu na kima cha chini, bila kujua kama mkono wake ungewahi kumlipa zaidi ya hapo.